Plaizi ya kukunja imevunjika mdomo, waranti iko Marekani, mimi niko Kigoma: naanzia wapi?

#1 Fundi wa Kibirizi

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa mawazo, hasa kwa yeyote aliyewahi kudai waranti ya kiwandani akiwa huku mikoani.

Mimi ni fundi wa mashine za boti, napatikana mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma. Kifaa chenyewe ni ile plaizi ya kukunja, ambayo ndani ya mipini yake kuna kisu, msumeno mdogo, tupa, bisibisi na kifungua kopo. Imetengenezwa Marekani. Jina la kampuni naliacha, maana sitaki uzi ugeuke wa kuisifia au kuiponda. Ninachotafuta ni njia ya kupita.

Alhamisi asubuhi ililetwa boti ya abiria wa Kagunga, propela imemeza wavu. Tukaukata wavu wote, ikabaki kutoa kotapini, ile pini inayoishikilia propela, ili propela ichomoke. Kotapini yenyewe ilishaliwa na kutu, imebaki nyembamba kama kijiti cha kibiriti. Nikaibana kwa ncha ya plaizi nikavuta, haikuja. Nikazungusha mkono kidogo kwenda kulia, nikasikia "tak". Nikajua kotapini imekatika. Kumbe ni mdomo wa plaizi, upande mmoja, kipande cha ukubwa wa ukucha kimeshazama ziwani.

Jioni nikakaa nayo kibarazani nikaitazama vizuri. Pale ilipovunjika chuma ni cha kijivu, kina chembechembe kama sukari guru ukiivunja. Lakini pembeni, upande wa ndani, kuna doa jeusi kama punje ya ulezi, na hilo doa halina mng'ao hata kidogo. Sijui lina maana gani.

Sasa kinachoniuma zaidi. Kifaa hiki kilikuwa cha marehemu kaka yangu. Alikuwa akiendesha boti za kupeleka wageni Gombe, na mtafiti mmoja alipokuwa anarudi kwao akamwachia. Kaka alichora herufi mbili za jina lake kwenye mpini kwa ncha ya msumari. Ala ya ngozi ilipoachia pembeni akaishona mwenyewe kwa uzi wa nyavu. Tangu atutoke, miaka 6 sasa, kila siku ya kazi kipo kiunoni kwangu.

Nimesoma kwamba kampuni ina waranti ya miaka mingi. Lakini sina risiti, sikukinunua mimi, na hata kaka hakukinunua. Je, nina haki ya kudai? Na kukituma Marekani si nauli itazidi bei ya kifaa?

#2 Mtu wa Gungu

Pole sana mkuu. Ushauri wangu, nunua nyingine pale Mwanga sokoni maisha yaendelee. Hawa watu wa ng'ambo waranti zao ni za watu wao.

#3 Karabai

Mkuu wa #2 usimkatishe tamaa, waranti nyingi za vifaa hivi zinafuata kifaa popote kilipo. Ila fundi, ukiwaandikia usithubutu kutaja kwamba ulizungusha mkono. Sema ulikuwa unakata waya wa kawaida ikavunjika yenyewe. Ukisema ukweli watakwambia umekitumia vibaya, mlango umefungwa.

#4 Fundi wa Kibirizi

Karabai, nashukuru, najua unanitakia mema. Ila hilo sitaweza. Mimi mwenyewe naletewa mashine kila siku na mtu ananiapia kwamba "imezima tu yenyewe", nikifungua nakuta ametia petroli bila oili. Naumia sana na watu wa namna hiyo, kwa sababu ninapoteza nusu siku kutafuta tatizo ambalo yeye analijua. Siwezi kwenda kuwa mtu yule yule kwa fundi mwenzangu aliyeko ng'ambo. Nitaandika ilivyokuwa, wakikataa watakuwa wamekataa ukweli.

#5 Mwanasheria Mkoani

Fundi, hapa kuna milango miwili na watu wengi wanaichanganya.

Mlango wa kwanza ni muuzaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaostahili na inayofaa kwa kazi uliyomweleza. Ukinunua duka la Kigoma kitu kikaharibika kwa dosari yake, wa kumrudia kwanza ni aliyekuuzia, hata kama hakukupa karatasi yoyote ya waranti. Ndiyo maana risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, usiitupe. Mlango huu kwako haupo, kwa sababu haki hiyo ni ya aliyenunua, na wewe na marehemu (Mungu ampumzishe) hamkununua popote.

Mlango wa pili ni ahadi ya mtengenezaji mwenyewe. Hii ni nyongeza aliyoitoa kwa hiari yake, na masharti ni yale aliyoyaandika yeye. Kwa hiyo usiulize watu humu kama una haki, soma maneno ya ile waranti. Kama imeandikwa "mnunuzi wa kwanza tu", una kazi. Kama imekaa kimya au inasema kifaa chenyewe ndicho kinacholindwa, andika leo leo. Kisha tafuta sehemu ya mambo yasiyohusika: karibu zote zinatoa nje wizi, kupotea, matumizi mabaya na uchakavu wa kawaida. Uchakavu wa kawaida ni kisu kuwa butu. Mdomo kukatika ni jambo jingine, lina mjadala.

#6 Mwalimu wa Kasulu

Nakazia hapo kwenye kusoma masharti, yanatofautiana sana. Leatherman wanatoa miaka 25. Victorinox wa Uswisi hawaweki ukomo kwa dosari za chuma na utengenezaji, isipokuwa vile vyenye vitu vya umeme. Kuna wengine mwaka 1 tu.

Na hizi plaizi za kukunja zina asili ya shida kama zetu hizi. Tim Leatherman alikuwa na mkewe Ulaya mwaka 1975, wanazunguka na Fiat kuukuu inayoharibika kila mara, mfukoni ana kisu tu, na kila akitaka kushika nati au bomba anakosa plaizi. Akarudi kwao akaanza kuchonga. Ilimchukua mpaka 1983 kuuza ya kwanza. Mtu aliyeanza kwa kuharibikiwa barabarani anajua kifaa kikikatika kazini maana yake nini.

#7 Mzee wa Melini

Fundi mwanangu, nimefanya kazi kwenye vyumba vya injini miaka mingi humu ziwani kabla sijastaafu. Ngoja nikwambie hilo doa jeusi.

Chuma kikikatika leo, uso wake unakuwa mpya, unang'aa. Palipo peusi ni pale palipokuwa pamefunguka zamani, hewa na maji vikaingia, pakapata kutu humo humo. Maana yake plaizi yako ilikuwa na ufa siku nyingi, wewe Alhamisi umemalizia tu. Ufa wa namna hiyo unaweza kuanzia kwenye kitobo kidogo kilichobaki ndani ya chuma tangu kiwandani. Hiyo ndiyo dosari ya utengenezaji, na ndiyo unayodai. Piga picha ya lile doa kwa karibu kuliko kitu kingine chochote. Na mahali palipovunjika usipaguse kwa msasa wala tupa, hata kama panakukwaruza, maana ukipasugua umefuta ushahidi wako.

Lakini na wewe sikiliza. Mdomo wa plaizi umetengenezwa kubana na kuvuta. Ukizungusha kwa pembeni unaupa mzigo ambao haukutengenezewa, na ncha ndiyo nyembamba kuliko pote. Kotapini iliyoshika kutu inapigwa kwanza kwa nyuma na kitoboo na nyundo ndogo, inatiwa mafuta, inaachwa kidogo, ndipo inavutwa. Waya wa springi na ndoana kubwa usikate kwa kile kikatio, kitapata mapengo.

Na mafuta, mafuta. Meli ya Liemba ile mnayoiona, Wajerumani walipoizamisha wenyewe Julai 1916 walipaka injini zake grisi nzito kabla haijaenda chini. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Grisi iliyokaa chini ya maji miaka 8! Kwa hiyo tone la oili kwenye riveti ya plaizi kila Jumamosi si kazi kubwa.

#8 Fundi wa Kibirizi

Mzee, shikamoo. Nimesoma hili mara tatu. Ya kitoboo nilikuwa naijua, haraka ya abiria ndiyo iliyoniponza. Nashukuru kwa kunisema.

#9 Mama Asali, Tabora

Mwangaluka wakuu. Mimi nafuga nyuki huku Tabora, plaizi kama hii natumia kukaza waya za kutundikia mizinga na kung'oa misumari. Naongeza neno moja: fundi, hakikisha kwanza kama ni ya kweli.

Mwaka juzi nilinunua yangu Dar kwa bei ya kueleweka kabisa, ndani ya boksi zuri, jina kubwa limeandikwa. Springi ya kisu ikakatika mwezi wa pili. Nikatuma picha kiwandani kwa furaha, wakajibu kwa heshima kwamba kile si chao. Walinionyesha tofauti: maandishi yangu yalikuwa yamechorwa juu juu, yao yanazama kwenye chuma, na ndani ya mpini hapakuwa na alama ya tarehe. Nililia, kwa sababu pesa ile ilikuwa ya ndoo mbili za asali. Nilipomrudia muuzaji akasema hanikumbuki, na sikuwa na risiti.

#10 Mwanasheria Mkoani

Pole sana dada. Kwa wengine wanaosoma: bidhaa bandia inapelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Wao ndio wanaosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Peleka kifaa, boksi lake na risiti.

#11 Fundi wa Kibirizi

MREJESHO WA KWANZA.

Yangu ni ya kweli. Nilisafisha ndani ya mipini kwa mswaki na petroli, nikakuta tarakimu 4 zimegongwa, mwezi na mwaka. Kwa hiyo hata bila risiti umri wake unajulikana, na bado uko ndani ya waranti.

Binti yangu yuko kidato cha nne, akanisaidia Kiingereza. Tuliandika mistari michache: mimi ni nani na niko wapi, kifaa ni aina gani na alama ya tarehe ni ipi, nilikipataje, kilivunjika nikifanya nini. Nikaandika wazi kwamba nilizungusha mkono. Kisha nikaeleza doa jeusi kama Mzee alivyosema, na picha 4. Mwisho nikaomba kama inawezekana wanibadilishie mdomo tu, mpini ubaki ule ule, kwa sababu una herufi za marehemu kaka yangu.

Siku ya nne, saa 3 usiku, jibu likaingia. Wakati huo kule ndiyo wapo ofisini.

Wamekubali! Wanasema picha inaonyesha ufa wa zamani, hawana ubishi nao. Hawakunigombeza kwa kuzungusha, wamenielekeza tu kama Mzee. Na sitatuma Marekani, nitatuma kwa wakala wao Afrika Kusini anayehudumia ukanda huu.

Ila kuna neno zito. Aina hii haitengenezwi tena na vipuri vyake vimekwisha. Watanipa mpya inayofanana nayo, na ile ya zamani hairudi, inabaki kwao. Wameniambia nitoe ala nibaki nayo, maana ala haihusiki. Kama sitaki kuiachia plaizi, nibaki nayo ilivyo, na wao watakuwa hawana la kunifanyia.

Wakuu, tangu juzi sijajibu.

#12 Mtu wa Gungu

Nafuta niliyoyasema #2. Sikutegemea wangejibu kabisa.

Kuhusu kuiachia, mimi ningebaki nayo. Kitu cha marehemu hakirudi mara mbili.

#13 Karabai

Mimi naona uitume. Ukibaki nayo utakuwa na chuma kilichovunjika kabatini na kazi huna cha kufanyia. Piga picha ya zile herufi, uzihifadhi.

#14 Mzee wa Melini

Hili usituulize sisi wa humu. Muulize mama yenu.

#15 Fundi wa Kibirizi

Mzee, nimefanya hivyo. Jumapili nilikwenda Ujiji kwa bi mkubwa na plaizi mfukoni. Nikamkuta anachagua dagaa kwenye ungo. Nikamweleza yote, nikamwekea plaizi mkononi. Akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya zile herufi, akakaa nayo kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Huyo aliyempa kaka yako, si naye alikuwa nayo kwanza?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ipeleke. Kaka yako alikuwa anafanyia kazi, hakuitundika ukutani. Hiyo ala aliyoshona kwa mkono wake usimpe mtu."

Akaendelea na dagaa wake. Nimewajibu kampuni usiku ule ule.

#16 Fundi wa Kibirizi

Hatua ya posta, kwa watakaohitaji.

Nilipofika dirishani na kusema ndani kuna plaizi yenye kisu, mama wa dirishani akataka kuona. Alikuwa na haki, kitu chenye makali kikitoboa bahasha kinamkata mpanga barua. Akanionyesha: kunja kila kitu, funga mpira, zungushia kadibodi ngumu, kisha boksi dogo. Kumbuka kifaa hiki ukisafiri nacho kwa ndege kinakwenda kwenye mzigo wa chini, sio mkononi.

Nikajaza fomu ya forodha, CN 23. Kwenye maelezo tuliandika: plaizi ya kukunja iliyovunjika, inapelekwa kwa ajili ya waranti, haiuzwi. Nikachapisha na ile barua pepe ya kampuni, nakala moja ndani ya boksi, moja nikabaki nayo. Nililipia kwa rejista ili nipate namba ya kufuatilia: herufi 2, tarakimu 9, mwisho TZ. Karatasi yenye ile namba niliipiga picha nikiwa bado mlangoni pa posta. Gharama haikufika hata robo ya bei ya plaizi mpya, kwa hiyo ile hofu yangu ya #1 ilikuwa bure.

Kabla sijafunga boksi niliweka karatasi nyembamba juu ya mpini nikasugua na penseli. Herufi zote mbili zimetoka.

#17 Karabai

Wiki ya tano sasa fundi, vipi?

#18 Fundi wa Kibirizi

Bado mkuu. Ilifika Johannesburg, namba ikaonyesha imepokelewa, baada ya hapo kimya. Nimeandika leo kuulizia. Kazi naifanya kwa plaizi ya kuazima na kisu cha jikoni. Jana mpira wa mafuta umenichukua nusu saa kukata, na zamani ilikuwa dakika moja.

#19 Fundi wa Kibirizi

IMEFIKA WAKUU!

Wiki ya saba na siku mbili. Posta walinipigia simu asubuhi. Afisa aliuliza ni bidhaa ya kununua au nini, nikatoa ile nakala ya barua pepe pamoja na karatasi iliyokuja ndani ya kifurushi, zote zinasema ni mbadala wa waranti. Kwa kifurushi changu nililipa ada ya huduma ya posta tu. Nina hakika zile karatasi ndizo zilizonifupishia maswali, kwa hiyo msizitupe.

Ni aina mpya, nzito kidogo kuliko ya zamani. Vikatio vyake vinafungwa kwa skrubu, vikipata pengo unabadilisha vyenyewe bila kugusa plaizi nzima. Kisu unakifungua bila kukunjua mipini, na hilo kwa mtu aliyeinama juu ya mashine mkono mmoja umeshika boti ni msaada mkubwa sana. Waranti inaanza upya.

Haikuingia kwenye ala ya kaka. Ilikuwa nene, ikagoma katikati. Nikaenda kwa fundi viatu pale stendi, akasema asiguse ule mshono, akanifundisha: loweka ngozi kwa maji ya uvuguvugu, funga plaizi kwa nailoni, isukume ndani taratibu, iache ikauke kivulini siku mbili. Nimeitoa leo asubuhi. Imekaa sawasawa, na uzi wa nyavu haukukatika hata mmoja.

#20 Mzee wa Melini

Alhamdulillah. Oili Jumamosi.

#21 Mama Asali, Tabora

Hongera kaka, nimefurahi kama yangu. Mimi safari hii nimenunua kwa wakala anayetambulika, nina risiti, na tupa yake imelegea kwenye mhimili. Nataka kuwaandikia ila picha zangu hazionyeshi kitu, nang'ang'ana na flashi ya simu tangu jana.

#22 Fundi wa Kibirizi

Dada zima flashi, chuma kinang'aa na dosari inapotea. Toka nje saa 2 asubuhi jua likiwa bado pembeni, weka plaizi juu ya kitambaa cheusi, igeuze taratibu mpaka uone kivuli kimeingia pale palipolegea, hapo hapo piga. Na moja piga ukiwa umeshika tupa kwa kidole umeisukuma upande, waone inavyocheza. Alama ya tarehe ipake chaki kisha uifute, unga utabaki ndani ya tarakimu na zitasomeka. Ukikwama kwenye Kiingereza nitumie ujumbe, binti yuko likizo.